Pembe Nne

Kwa Chandoo, Barabara ya Nane, dubwana lilikuwa dogo:
vimiraba ishirini na vinne vya kijani
vikishuka kiooni hatua kwa hatua, ti, ti, ti,
nawe chini, na kibunduki chako na roho tatu,
umetumbukiza sarafu uliyotumwa chumvi.

Halikuwa na macho. Halikuwa na mama.
Hakuna aliyeuliza limetoka wapi, linataka nini.
Lilishuka tu, kama kodi.
Ukiliua linapepesa mara tatu, kimya,
halafu linakuja jingine, lenye haraka zaidi.

Semkiwa akasema tulifanye filamu.
Akauza pikipiki. Akaazima kamera Chumbageni
kwa mpiga picha za harusi.
Mwenye pesa akapiga simu kutoka Dar:
filamu ya dubwana bila helikopta si filamu.
Tukachukua feni ya mezani, tukaipachika mkia.
Pesa hazikuja.

"Kisa kiko wapi?" aliuliza Mhina, aliyepewa kuandika.
Siku tisa na daftari:
mara limetoka mapango ya Amboni kumtafuta mwanawe,
mara limeamshwa na baruti za kupasulia mawe,
mara mzimu, mara laana, mara serikali.
Yote akayakata.
Likabaki neno moja, katikati ya ukurasa:
Linashuka.

Kwa fundi Mwanamkuu, kule Chuda,
Semkiwa alichora hewani kwa vidole:
"Nataka umbo la pembe nne."
Tuliporudi Ijumaa lilikuwa limening'inia mlangoni,
katani tupu, magunia kumi na moja
yamefumuliwa, yamechovywa kijani,
na utosini, zimesimama wima, pembe nne.
"Fundi, hizi..."
"Ulisema nne. Hesabu."

Mimi ndiye niliyelivaa.
Joto usiniulize.
Katani inawasha kama maneno ya wifi,
inakufuata hadi kitandani.
Lakini kupitia matundu mawili ya vizibo vya soda
niliiona Tanga nzima imenifika magotini:
mnara wa saa wa boksi la sabuni, daima saa nne kasorobo,
stesheni ya makopo ya maziwa,
barabara za Ngamiani zimepigwa chaki,
na watu wa njiti za kiberiti, vichwa vyekundu,
hawakimbii.

"Ponda!"
Nikaponda mnara. Nikaponda stesheni.
Benki niliiponda mara mbili,
ya pili haikuwa kwenye maandishi.
Kisha mguu ukafika juu ya Barabara ya Nane.
Mtu fulani (hadi leo hajakiri)
alikuwa ameliweka duka la Chandoo,
dogo kuliko kisigino changu, mlango wazi,
ndani kipande cha chupa ya kijani
na nyuma yake kijitochi kinawaka.

Mguu ukabaki hewani.
"Ponda, wewe! Betri inaisha!"
Jasho likaniingia jichoni.
Pembeni nikamwona Mhina
akichomoa kalamu sikioni.

Kufa kwake nako tuligombana.
Semkiwa alitaka liangukie bandarini, damu, vilio, feni.
Nikamwambia kwa Chandoo halikuanguka hata siku moja.
Tukanuniana wiki.

Makorora, shuka jeupe ukutani,
kiingilio mia tano, watoto bure wakikaa chini.
Dubwana limesimama katikati ya jiji lililobomoka,
taa ikazimwa, ikawashwa,
ikazimwa, ikawashwa,
ikazimwa.
Gizani nikasikia sauti ndogo ikihesabu,
na mbele yangu fundi wa majokofu, mtu mzima, ana mvi,
kidole gumba chake kinabonyeza paja, kinabonyeza, kinabonyeza.

"Na lile lenye haraka zaidi?" mtoto akauliza. "Lini?"
Semkiwa alikuwa anahesabu noti.
Hazikutimia hata gurudumu la pikipiki.
"Mwezi ujao," akasema, bila kuinua kichwa.

Nikaanza kujikuna.